Machozi ya Bure

Lydie alianza kulia tangu kwenye kona ya barabara, kama inavyompasa dada. Alipofika kwa kaka yake mkubwa alikuwa ameshavua kilemba, amejitupa chini, na vumbi limemjaa mdomoni.

“Yaya Henri! Unaniachia nani? Yaya eee!”

Yaya Henri akatokea nyuma ya nyumba, povu la sabuni kidevuni, wembe mkononi.

“Lydie, iko nini? Nani amekufa?”

Lydie akamtazama. Kisha akawatazama vijana wapatao thelathini waliojaa uani, kimya, vichwa vimeinama. Mtu yeyote wa Kisangani akiona uwanja wa namna hiyo anajua ni matanga. Kumbe kila mmoja wao alikuwa na simu mkononi.

“Ni jeu, muchezo ya simu,” Henri alisema kwa uchovu. “Mu simu yao kuko sanduku ya zahabu, nyuma ya nyumba yangu, pale kwa mawe ya maji. Mutu anapashwa kufika na miguu yake ndio aipate. Tangu siku ya dimanche niko nafukuza batoto ya watu.”

Nyuma ya nyumba ile mto Tshopo unashuka kwa ghadhabu, na mawe yake yana utelezi kama bamia. Baba yao alitega samaki pale maisha yake yote, na Henri mwenyewe, kwa miaka yake sitini na minane, hakanyagi mawe hayo bila fimbo. Vijana walishuka macho yakiwa kwenye kioo cha simu. Wiki hiyo peke yake alikuwa amemdaka mmoja kwa kola na mwingine kwa mkanda. Msichana mmoja mwenye blauzi ya njano, Tania, alimdaka mara mbili, na mara zote mbili alisema “Pardon, papa,” bila kuinua macho.

Henri alikwenda kulalamika kwa chef wa mtaa. Chef akamjibu kwamba mchezo hauna nyumba, sasa amwite nani? Henri akapigilia kibao cha HATARI. Kesho yake kibao kikawa kuni za mtu. Basi akabaki mlinzi bila mshahara, yeye ambaye alitaka tu kulala kidogo mchana.

Siku kumi baadaye mwendesha toleka mmoja alisimamisha baiskeli yake sokoni Mangobo, mbele ya meza ya Lydie.

“Mama Lydie, watu wamejaa kwa yaya yako. Hawasemi kitu.”

Akili ikamwambia ni mchezo, lakini miguu ikakataa kusikia. Kwao, dada anayefika matangani na macho makavu hasamehewi. Watu watauliza alikuwa anajua nini, na tangu lini, na kifo kitabandikwa jina lake mpaka kwa wajukuu. Kwa hiyo alilia tena, njia nzima, na safari hii akampigia simu mjomba wao, tonton François wa Yanonge. Mzee wa watu akapanda mto kwa mtumbwi na samaki wa moshi na kwanga za muhogo, za kulisha waombolezaji. Akamkuta marehemu anakula maharage.

Tonton hakucheka. “Kifo haichezewi,” alisema, akapakia samaki wake wote, akarudi zake.

Lydie aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Henri alikaa kwenye benchi, miguu imevimba kwa kushinda kwenye maji.

“Leki yangu,” alimwambia, maana kwake Lydie alikuwa bado mdogo, ingawa ana wajukuu. “Ile machozi utaimaliza bure. Ukiona watu hapa tena, usilie. Ingia na kucheka. Cheka nguvu. Hata nikiwa ndani nitasikia, nitajua kuko mutu mumoja mwenye amekuja juu yangu, hapana juu ya sanduku.”

“Na kama siku ingine iko kweli?”

“Kweli gani? Minakufa namna gani na kazi yote hii?” Akainuka, akachukua fimbo. Blauzi ya njano ilikuwa imeshaanza kushuka maweni.

Jumamosi iliyofuata mvua ilinyesha tangu alfajiri mpaka saa nne. Alasiri toleka akaja tena na habari zake zilezile: watu wamejaa kwa Papa Henri, hawasemi kitu. Safari hii Lydie hakulia. Alimalizia wateja wake, akafunika meza, akachagua samaki mmoja mnene wa moshi na kwanga moja, akapanda pikipiki. Alikuwa amechoka, lakini ahadi ni deni.

Alianza kucheka tangu kwenye kona ya barabara. Wanawake wawili waliokuwa wakipita walisimama, wakamkodolea macho. Aliingia uani akiwasukuma vijana kwa kiwiko.

“Pardon, wachezaji, pardon! Munipishe! Yaya Henri! Leo umekufa mara ya ngapi? Toka, nimekuletea samaki!”

Akacheka kwa nguvu zote, kicheko chake cha sokoni, ili kimfikie popote alipo.

Vijana wakampisha mpaka mlangoni. Vichwa vilikuwa vimeinama kama kawaida, lakini hakuna hata mmoja aliyeshika simu. Kizingitini alikaa Tania, blauzi ya njano imemgandama mwilini, nywele zinamchuruzika maji, na alikuwa ameikumbatia fimbo ya Henri.