Maua ya Silangani

Kalekye aling'oa mche wa mwisho kwenye matope ya silanga, lile bwawa la kijiji, akauficha ndani ya beseni chini ya nguo mbichi, akashika njia akiimba pambio. Aliyekutana naye angedhani ametoka kufua tu.

Mche wenyewe haukuwa na maana, magugu yenye maua ya pinki. Lakini magugu hayo hayaoti ila penye maji, na hapo Kalamba hata mtoto analijua hilo. Injinia Mwau alikuwa amepima, akasema mkondo unapita chini ya mashamba mawili, la Kalekye na la jirani yake Kiilu. Alhamisi ya mwisho wa mwezi angerudi kuchagua pa kuchimba kisima cha kijiji. Kitaangukia kwa nani? Kanisani hawakuwa na hadithi nyingine, na Kalekye alikuwa amekosa usingizi kwa wasiwasi.

Dada yake Kasyoka, aliyeolewa Tseikuru, alikuwa amempigia simu.

"Tangu wachimbe kisima kwangu, wageni hawaishi! Watu, punda, ngamia za wale wafugaji kina Abdijabar. Sasa mimi ni mtu wa kujulikana. Hata kulala ni shida."

"Nimekuskia, dada," Kalekye alimjibu. "Sasa najua ile kitu nitafanya."

Akangoja Kiilu aende mjini Wote. Akajipenyeza kwenye ua wa mikonge uliogawa mashamba yao, ukamchoma paja, akaipanda miche yake kwenye kona yenye vichaka na kuimwagilia maji ya kusuuzia vyombo. Kila Kiilu alipotoka, yeye alirudi na beseni. Miche ikashika, maua yakachanua, na roho yake ikatulia kidogo.

Alhamisi watu walijaa. Kalekye aliwaongoza taratibu mpaka kwenye ile kona.

"Haiya! Injinia, na hii ni nini tena?" akauliza.

Mwau akachuchumaa, akapapasa udongo uliolowa, akatabasamu.

"Mama, hapa hakuna haja ya kubahatisha. Maji yako karibu sana. Tunachimba hapa hapa."

Kalekye alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Kiilu akapiga magoti katikati ya maua, machozi yakimtiririka, akamshukuru Mungu kwa kulichagua shamba lake.

Kalekye akampa mkono wa pongezi, akajipenyeza tena kwenye mikonge kurudi kwake, na mchana huo huo akaanza kuziba kwa miiba kila kinjia kilichokatiza kwenye ndengu zake kuelekea kwa Kiilu.