Mafuta ya Sikukuu

Mwanakombo, mjane mwenye kibanda cha kulenga maputo, alikuwa na bunduki moja tu ya upepo, nayo asubuhi ya Idi ilikwama katikati alipokuwa akiikunja kuitia risasi. Akamwita jirani yake Hatibu, fundi cherehani, aliyekuwa akitoka kwenye sala na kanzu yake mpya. Hatibu akainusa bunduki.

"Umeipaka nini, bibie?"

"Mafuta yangu ya nywele. Ni sikukuu, nayo ipendeze."

Hatibu akacheka mpaka akashika mbavu. "Haya ni ya nazi. Kwa baridi hii yameganda humo ndani."

Wakailaza juani juu ya kanga, wakakaa kando yake na sahani ya kaimati. Hatibu akamsimulia siku alipojishona kidole, na Mwanakombo akacheka hadi machozi.

Jua lilipokolea, Hatibu akaikunja bunduki, akaikunjua. Ikalia ta, safi kabisa.

"Imefunguka?" Mwanakombo akauliza, ingawa aliisikia.

"Bado kidogo," Hatibu akasema, akairudisha taratibu kwenye kanga.

Mwanakombo akamsogezea sahani. Nyuma yao, foleni ya watoto wenye nguo mpya, wakisubiri kulenga maputo, ilikuwa imefika barabarani.