Kava la Tairi la Nyuma

Fundi seremala alikuwa amepiga magoti kando ya pikapu yake, kichwa kimezama palipotoka tairi la nyuma. Asubuhi hiyo alinunua makava mawili ya plastiki, ya kukinga bati la juu ya tairi lisiliwe na tope na kokoto. La kwanza tu lilikuwa limeshamtoa jasho. Akilibana mbele, linachomoka nyuma. Akikimbilia nyuma, mbele nako kunaachia.

Alilizuia kwa goti, kisha kwa paji la uso. Skrubu aliyoibana midomoni ikamponyoka, ikabingirika chini ya gari.

"Mama Watoto!" akaita bila kugeuka. "Hebu njoo unishikie hapa, mara moja tu!"

Akaganda, bisibisi mkononi. Mkewe walimzika miezi mitano iliyopita, na watoto walisharudi makwao, kila mmoja na shughuli zake. Tangu msiba ule hakuwa amepaza sauti kumwita mtu yeyote. Tone la jasho lilimshuka hadi ncha ya pua, naye hakulifuta. Uani kulikuwa kimya.

Kisha geti likalia, na ndala zikaja taratibu mpaka nyuma yake. Alikuwa mama mshonaji wa nyumba ya pili, ambaye husalimiana naye kwa kutikisa kichwa tu. Tepu ya kupimia bado ilimning'inia shingoni. Akachuchumaa vumbini.

"Nishike wapi, jirani?"

Fundi alitaka kumwambia kwamba hakuwa anamwita yeye. Akajisogeza, akampisha.

"Hapo juu," alisema. "Kandamiza kwa nguvu."