Kopo la Wino wa Sumaku

Jambazi aliiinua hundi bandia kwenye mwanga, akazikagua kwa lenzi zile tarakimu za chini, moja baada ya nyingine. Bastola yake ilikuwa mezani. Mwatime, mchapaji wa hundi za benki aliyelazimishwa kuichapa, alikuwa akimtazama.

"Huu ndio wino wa sumaku, mama? Mashine yao itausoma?"

"Miaka ishirini nafanya kazi hii, mwanangu. Ipeleke benki uone."

Jambazi akacheka, akaitia hundi mfukoni, akaenda zake.

Mwatime alisubiri mpaka hatua zake zikapotea. Kwa macho ya mtu wino wote mweusi ni mmoja. Mashine ya benki tu ndiyo inayojua tofauti. Akafunua kanga iliyokuwa miguuni pake. Kopo la wino wa sumaku lilikuwa bado na lakiri yake, halijafunguliwa.