Klachi ya Zamani

Injini ilikuwa imeshazimwa, lakini feni iliendelea kuzunguka. Ilizunguka kwa uvivu, kama mgeni aliyeaga na bado hajatoka mlangoni. Mama Spana akaitazama mpaka iliposimama yenyewe.

"Imekufa," alisema.

"Nini imekufa?" aliuliza Mapengo, roho mkononi.

"Klachi ya feni. Injini ikichemka, klachi inatakiwa iishike feni, ivume mpaka tusisikilizane. Ukizima, feni isimame mara moja. Hii yako rejeta inatoa mvuke, feni inazunguka bure. Mlima huu hupandi, dereva."

Mapengo alichungulia nje. Mlima ulianzia pale pale nje ya gereji, na ng'ambo yake kulikuwa na mnunuzi aliyeahidi kungoja mpaka jua lizame, basi. Lori lenyewe halikuwa lake. Asubuhi ile alilikuta limeegeshwa mbele ya hoteli, funguo zikining'inia, mwenyewe ameingia ndani kunywa chai. Mapengo hakungoja hata kuiona sura yake. Alivaa koti la kazi lililokuwa nyuma ya kiti, afanane na madereva, akapita njia za vumbi kukwepa mizani. Injini ikichemka alisimama, ikipoa aliondoka. Mpaka anafika hapa, mchana ulikuwa umeshamtoroka.

"Badilisha, mama. Chapuchapu."

Mama Spana akanyoosha mkono. "Funguo."

"Za nini?"

"Siingizi mkono kwenye feni huku funguo ziko kwa mtu mwingine. Vidole hivi ndivyo vinavyonilisha."

Akazitia mfukoni mwa ovaroli. Mapengo alijisikia uchi. Akatazama huku na huku, na ndipo alipomwona mtu amejilaza kwenye benchi la ukutani, kofia usoni, amejikunyata ndani ya shati jepesi.

"Nani huyo?"

"Alishuka kwenye basi mapema, anangoja gari. Usimjali."

Wakaiacha injini ipoe. Kila pikipiki iliyopita nje ilimrusha Mapengo moyo. Alijilaumu kwa kusimama hapa, lakini angesimama wapi? Gereji nyingine haikuwepo mpaka upande wa pili wa mlima.

Mama Spana alirudi na klachi mpya. Alikuwa ameisimamisha rafuni, hakuilaza, mafuta yake ya ndani yasije yakavuja.

"Una bahati, dereva. Mteja mmoja aliiagiza wiki iliyopita, ya lori kama hili."

"Akija kuidai?"

"Nitaongea naye." Akataja bei. Mapengo akatoa noti zote bila kubembeleza. Mama Spana akacheka. "Hata huombi nikupunguzie? Dereva wa namna gani wewe? Haya. Na ya zamani namrudishia mwenye gari, asije akasema ameibiwa. Ndiyo kawaida yetu hapa."

"Sawa, sawa, mama. Fanya kazi."

Akainama. Alifungua feni, kisha akaweka spana kubwa kwenye nati ya klachi na kuvuta. Mapengo, aliyewahi kufungua nati mbili tatu maishani, alishtuka.

"Mbona unakaza?"

"Nafungua. Hii inafunguka kinyume." Akageuza shingo, akamtazama. "Gari lako, hujui?"

Jasho likamtoka mgongoni. "Nimesahau tu. Uchovu."

"Na hilo koti limekubana."

"Nimenenepa."

"Hongera," alisema Mama Spana, akarudi kwenye kazi yake.

Mapengo alitamani kumnyang'anya spana ile amalize mwenyewe. Anashuku? Hashuku. Angeshuku angeshapiga simu. Mtu wa benchini alijigeuza, akakohoa, akatulia. Nati ikaachia. Klachi ya zamani ikatoka imejaa vumbi lililogandia mafuta. Mpya ikaingia, ikakazwa, feni ikarudishwa mahali pake. Kivuli cha mlima kilikuwa kimeshafika langoni.

"Naondoka."

"Bila kuijaribu? Ukaniaibishe huko juu?"

Akakinga nusu ya rejeta kwa kipande cha boksi, injini ipate joto haraka, akapanda mwenyewe akawasha. Wakangoja. Mshale wa joto ulipanda taratibu, na Mapengo akausindikiza kwa macho. Ikiwa na hii ni mbovu, amekwisha. Mshale ukafika palepale ulipomsumbua kutwa nzima.

Kisha feni ikavuma. Ilivuma mpaka matundu ya bati yakalia, boksi likanata kwenye rejeta, na mshale ukaanza kurudi chini. Mama Spana akazima injini. Feni ikasimama mara moja.

Mapengo alikaribia kumkumbatia. Alimwona mnunuzi wake, akaiona njia nyeupe mbele yake, akajiona kesho yuko mbali na dunia hii ya spana na maswali.

"Mungu akubariki, mama. Nipe funguo."

"Ngoja. Kimebaki kitu kimoja tu."

Akaifuta klachi ya zamani kwa kitambaa, pole pole, upande huu na upande huu, akaibeba kwa mikono miwili. Mapengo akanyoosha yake kuipokea, ili mradi yaishe.

Mama Spana akampita. Akaenda mpaka kwenye benchi, akainama.

"Kaka, amka. Ya zamani hii hapa, na funguo zako."

Yule mtu akaondoa kofia usoni, akaipakata klachi, akashukuru. Kisha akamgeukia Mapengo na kumnyooshea mkono uliobaki.

"Na koti langu, ndugu yangu. Nimepigwa na baridi tangu asubuhi."