Karibu ya Kasa

Kaa alikuwa na adabu kupita kiasi. Kila Chewa alipomwibia samaki wachanga aliowalea, alimfukuza mpaka ghuba ya jirani yake Kasa, kisha akasimama mpakani kupiga hodi. Kasa, ambaye kugeuza shingo tu kwake ni safari, aliitika wakati Chewa ameshatokomea.

"Mzee Kasa, watoto wanaisha!" Kaa alilia.

"Basi jirani yangu, karibu ya kesho nakupa leo. Na ya keshokutwa. Ukimfukuza mwizi, pita tu."

Kesho yake Chewa aliiba, akavuka mpaka, akatulia kusubiri hodi ili acheke. Ghafla gando likambana mkia.

"Hukupiga hodi!" akapiga kelele, na samaki wote wakamtoka mdomoni.

"Nilikaribishwa jana," alisema Kaa.