Picha Kwenye Pakiti

Kitu cha kwanza alichokiona Zamda ni glavu. Bwana afya alizivaa kabla ya kugusa pakiti zake za unga wa lishe. Vipimo vilikuwa vimeonyesha sumukuvu, sumu ya ukungu, na sheria ilitaka unga wote ukateketezwe.

Pakiti zilirushwa garini, kila moja na picha ya Heri, mwanawe, mashavu yamejaa. Zamda hakuweza kuinua uso. Karanga za unga huo, zilizoota ukungu, alizikaanga mwenyewe mpaka harufu ikaisha, akajiambia moto umemaliza kila kitu.

Jirani yake, Mama Subira, alitoka na mtoto kiunoni, bado anamlisha uji.

"Wanakuonea tu, shoga! Nyie mabwana, macho mnayo? Huyo mtoto pichani kanoneshwa na nini kama si unga huu huu? Na wangu anaunywa kila siku!"

Watu waliokusanyika wakacheka. Bwana afya akasimama na pakiti mkononi, akimngoja Zamda ajibu.

Mama Subira akachota tena uji. Zamda akakishika kile kijiko kabla hakijafika mdomoni kwa mtoto. Uji ukawadondokea vidoleni wote wawili.

"Shoga," akasema, "Heri sijawahi kumpa unga huu."